Msaada Usiishie Siku ya Kupanda Miti

Kwa miaka sita nimekuwa katibu wa kikundi cha watu wanaojitolea kutunza ukingo wa mto, na katika muda huo nimebaini kwamba msaada nao una msimu wake, kama ulivyo msimu wa mvua. Mawingu yanapoanza kutanda, simu huita mfululizo: kuna kampuni inayotaka kutuletea miche, kuna shule inayotaka kuleta wanafunzi, kuna mheshimiwa ambaye angependa kushika chepe kwa dakika chache mbele ya kamera. Kiangazi kinapoingia na majani ya ile miche yakaanza kujikunja, simu hunyamaza, na watu walewale saba au wanane ndio wanaobaki kupanda na kushuka ukingoni wakiwa na ndoo. Simdharau anayekuja siku ya kupanda, kwa sababu wengi wetu tulianza hivyo hivyo. Hoja yangu ni kwamba tumezoea kuvisaidia vikundi hivi pale ambapo havina shida sana, kisha tukaviacha pale vinapovunjika, yaani katika mwaka wa pili na wa tatu, wakati kazi haina tena mvuto wa kupigwa picha.

Nitaeleza kwa jambo nililoliona mwenyewe. Miezi minane baada ya hafla moja kubwa ya upandaji, tulirudi kuhesabu. Mimi nilishika daftari na mwenzangu akapita mstari kwa mstari akitaja hali ya kila shimo: hai, umekauka, hai, haupo. Tulipofika upande waliopanda wageni, neno "umekauka" lilijirudia mno hata tukaamua kufukua shimo moja tuone kulikoni. Mche ulikuwa bado ndani ya kiriba chake cha plastiki. Tukafukua la pili na la tatu, hali ikawa ileile: mizizi ilikuwa imejizungusha ndani ya kiriba, imetafuta pa kutokea ikakosa. Aliyepanda sikumwona kuwa na kosa kubwa, kwani hakuna aliyemwambia kwamba kiriba huchanwa kabla ya mche kushuka shimoni. Sisi tuliopaswa kumwambia tulikuwa tunahangaika na viti, turubai na kipaza sauti. Katika ripoti ya mfadhili, ambaye sitamtaja, miche yote iliandikwa kuwa imepandwa. Na kusema kweli, ilikuwa imepandwa.

Kuhesabu miche iliyopandwa ni kazi ya siku moja, ilhali kuhesabu iliyo hai kunamtaka mtu arudi. Wangari Maathai na wenzake waliliona jambo hili mapema. Harakati ya Green Belt, iliyoanza nchini Kenya mwaka 1977, iliwalipa wanawake wa vikundi vya vitalu kiasi kidogo cha fedha kwa mche ulioshika na kuendelea kuishi. Malipo yalikuwa madogo, lakini utaratibu wenyewe ulimpa mpandaji sababu ya kurudi, kupalilia, na kuuliza kwa nini mche fulani umekufa na jirani yake umepona. Kufikia mwaka 2004, Maathai alipotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobeli, harakati hiyo ilikuwa imepanda zaidi ya miti milioni 30. Desemba ya mwaka huohuo tsunami ilipiga Sri Lanka, na katika miaka iliyofuata mikoko mingi ikapandwa pwani ya nchi hiyo kwa fedha za misaada. Sehemu kubwa ilikufa. Mingine ilipandwa mahali ambapo mikoko haioti, mingine ikaliwa na mifugo au kusahauliwa tu baada ya wapandaji kuondoka. Tofauti haikuwa katika moyo wa kujitolea, kwani moyo huo ulikuwepo kotekote. Ilikuwa katika kile ambacho mwenye fedha alichagua kukilipia.

Hapa ndipo penye kero yangu kubwa. Kujitolea ni kutolipwa, lakini kutolipwa hakumaanishi kwamba kazi haina gharama. Mtu anayetoa Jumamosi yake kung'oa magugu bado anahitaji nauli, maji ya kunywa, glovu zinazomtosha mkononi, panga lililonolewa na mahali pa kulifungia panga hilo jioni. Kikundi kinahitaji ada ya usajili, sanduku la huduma ya kwanza, na mtu wa kuweka hesabu ambazo mkaguzi akizifungua hatatikisa kichwa. Vitu hivi ndivyo wafadhili wengi wanavyoviita gharama za uendeshaji na kuvikata kwa kalamu nyekundu. Mwaka mmoja tuliomba nauli ya watu kumi kwa miezi sita tukakataliwa, kisha kwa mkono uleule tukapewa fulana mia mbili zenye nembo. Fulana zilikuwa nzuri, hilo sikatai, na mpaka leo ndizo tunazofutia majembe.

Kinachovimaliza vikundi hivi ni uchovu wa watu wawili au watatu. Daima kuna mmoja mwenye funguo za stoo, anayejua ni nani amesafiri na ni nani ana mgonjwa nyumbani, anayeandika barua usiku na kuchimba mashimo asubuhi. Huyo akihama, akiugua au akikata tamaa, kikundi hulegea kimyakimya, na aghalabu hakuna hata siku mtu anayoweza kuitaja kuwa ndiyo kilichokufa. Kwa hiyo mtu akiniuliza ni msaada gani wenye thamani kuliko wote, humjibu kwamba ni kumpunguzia huyo mmoja mzigo. Mhasibu mstaafu anayekubali kushika vitabu kwa mwaka mzima, au fundi anayetengeneza toroli bila kudai malipo, ametufaa kuliko lori la miche.

Uvumilivu nao ni jambo ambalo anayesaidia kutoka nje hulipata kwa shida. Mjini Sydney, Australia, katika miaka ya 1960, ndugu wawili wa kike, Joan na Eileen Bradley, walianza kung'oa magugu vamizi katika vichaka vya asili vilivyokuwa karibu na kwao, na wakafuata utaratibu ambao mwanzoni huonekana kama wa kinyumenyume. Hawakuanzia palipoharibika zaidi. Walianzia pale ambapo mimea ya asili ilikuwa bado na nguvu na magugu ni machache, wakaifukua ardhi kwa kiasi kidogo iwezekanavyo, wakarudisha majani makavu juu ya udongo, na wakasogea mbele kwa mwendo ambao mimea ya asili yenyewe iliweza kuufuata. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufyeka eneo zima kwa siku moja na kurudi baada ya mvua: udongo ulioachwa wazi huwahiwa na magugu yaleyale, mara nyingi kwa wingi kuliko mwanzo, kwa kuwa mbegu zake zimelala humo miaka na miaka zikisubiri mwanga.

Sasa jaribu kumshawishi mfadhili kwa utaratibu huo. Yeye anataka kuona kabla na baada, na palipoharibika zaidi ndipo panapotoa picha ya kuvutia. Mwambie kwamba mwaka huu tutafanya kazi mahali panapoonekana pazuri, tukiwa tumepiga magoti, tukichomoa mche mmojammoja wa gugu kwa vidole, na kwamba mwisho wa mwaka mahali hapo pataonekana takribani kama palivyokuwa. Nimewahi kulijaribu hilo katika kikao. Walinisikiliza kwa adabu sana.

Kuna aina nyingine ya msaada isiyopewa uzito unaostahili, nayo ni kuandika. Mwaka 1900 huko Amerika Kaskazini, watu 27 walitoka siku ya Krismasi kuhesabu ndege badala ya kuwapiga risasi kama ilivyokuwa mazoea ya wawindaji wa sikukuu. Hesabu hiyo iliyopendekezwa na Frank Chapman, mtaalamu wa ndege, ingali inafanyika kila mwaka, na wanasayansi huitumia kufuatilia ni ndege gani wanapungua na ni wapi wanahamia. Mwaka 1986 usafishaji wa fukwe ulioanzia Texas uliwataka washiriki waandike kila takataka waliyookota, na orodha za aina hiyo, zilizokuja kukusanywa katika nchi nyingi, zikaonyesha kwa miongo kadhaa kwamba vishungi vya sigara ndivyo vilivyoongoza kwa idadi. Anayeokota bila kuandika amefagia ufukwe, na kesho mawimbi yataleta mengine. Anayeandika ana kitu cha kuweka mezani mbele ya mwenye kiwanda au mtunga sheria. Kuandika vizuri, hata hivyo, kunahitaji mtu mwenye subira ya kukaa na karatasi zenye matope na kuzinakili usiku huohuo kabla wino haujafutika, na mtu huyo ni adimu kuliko mwenye nguvu za kuchimba.

Najua lipo pingamizi, na si la kupuuzwa. Wako wanaosema kwamba vikundi vya kujitolea vinawapa mwanya wenye dhamana kukwepa wajibu wao, kwamba kadiri raia wanavyookota taka ndivyo mamlaka zinavyojisahau kuzizoa. Nakubaliana nao nusu. Ikiwa bomba linamwaga maji machafu mtoni, hakuna idadi ya Jumamosi itakayoutakasa mto huo, na kikundi kinachokubali kuwa ufagio wa kudumu wa mchafuzi kinajidhalilisha. Ila ukweli ni kwamba bomba lile mara nyingi hugunduliwa na watu wale wanaofika ukingoni kila wiki, wanaojua maji yalikuwa na rangi gani wiki iliyopita. Tatizo huja pale wanapopaza sauti: mfadhili aliyefurahia picha za miche huanza kuona kwamba kikundi kimeingilia mambo ya siasa. Anayetuunga mkono kwa dhati hana budi kuwa tayari kusimama nasi siku tunapoandika malalamiko, na si siku tunapoimba tu.

Jambo jingine ni nani anaamua. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizofaulu kutunza misitu, maeneo ya uvuvi na mifereji ya maji kwa vizazi vingi, akaona kwamba katika nyingi kati ya hizo watumiaji wenyewe walishiriki kutunga kanuni na kusimamia utekelezaji wake. Huko Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja unaulinda msitu wa mikoko wa hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo, yaani hulipwa na wanaotaka kufidia hewa chafu wanayoitoa kwao, na wanavijiji ndio wanaokaa kuamua fedha ziende kwenye maji, shule au kazi nyingine. Sidai kwamba biashara ya hewa ya ukaa inafaa kila mahali. Ina kasoro zake, na vikundi vingi vidogo haviwezi kubeba gharama za upimaji wake. Ninachokipenda pale ni kwamba fedha hutegemea msitu uendelee kusimama, na wenye msitu ndio wanaoshika kalamu.

Siku hizi mtu akinipigia simu akitaka kutuletea miche, humshukuru kisha humwuliza kama anaweza kuja pia katikati ya kiangazi, pasipo kamera, kumwagilia ile ya mwaka jana. Wengi huahidi kunipigia baadaye, na sijawahi kuwalaumu. Wiki iliyopita alipiga mwanamke mmoja ambaye sauti yake sikuifahamu. Nilipomaliza kumwuliza alinyamaza kidogo, nikadhani amekata simu. Kumbe alikuwa anatafuta kalamu. Akaniuliza ndoo zetu ni za lita ngapi, na kutoka mtoni hadi mstari wa mwisho ni hatua ngapi.