Siku niliyompata tandawala Kitulo

Mimi kazi yangu ni picha za sherehe, studio iko Sinza, na kama umewahi kualikwa sendofu maeneo ya Sinza, Mwenge au Kijitonyama basi huenda nimeshakupigia kelele "mama wa kitenge cha bluu usifumbe macho". Miaka tisa napiga watu wanaofumba macho. Sasa mwaka huo ikaja Februari, na Februari ya Dar mnaijua, feni inazungusha joto lilelile tu, nimekaa studio sina mteja naangalia kwenye simu picha za Kitulo, kule nyanda za juu kusini, nyasi za kijani mpaka mwisho wa macho na maua juu yake utadhani mtu kapindua duka la kanga Kariakoo, nikasema hapana, mwaka huu naenda.

Wazungu wana majira yao ya machipuko, sisi tuna Kitulo mvua zikishanyesha. Watu wa huko wanapaita Bustani ya Mungu. Mimi nilishakariri kila kitu kabla hata sijakata tiketi, kwamba ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kilomita za mraba kama 413, mimea aina zaidi ya 350 na okidi peke yake aina 45, na hifadhi ya kwanza Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Nikaenda kumwagia hayo yote shangazi yangu mwenye saluni Mwananyamala. Akanisikiliza mpaka mwisho afu akaniuliza, "Na simba?"

"Simba hakuna shangazi, ni maua."

"Mtu anapanda basi siku nzima kwenda kuangalia maua?"

Lakini shangazi ni shangazi, akafungua pochi akatoa laki moja, akasema nimletee picha moja kubwa ya kuweka ukutani juu ya madraya, wateja wapate cha kuangalia waache kusengenyana. Basi mimi hapo tayari nishakuwa mpiga picha wa kimataifa. Nikaenda Kariakoo nikakodi lenzi ndefu ile kama bomba la maji machafu, nikaacha kadi ya pikipiki kama dhamana, na kwenye mtumba nikachukua koti nililoambiwa ni la baridi kali. Memori kadi nilikuwa nazo mbili. Moja nikaisahau ndani ya laptopu Sinza. Hiyo ishikeni, tutarudi.

Safari sitaieleza sana, mnaijua: Mbezi alfajiri, Mikumi twiga anapita dirishani wewe umeshasinzia, Kitonga abiria wote kimya kila mtu na dini yake, usiku ukashushwa Chimala. Asubuhi nikapata gari ya kukodi na dereva wake, mzee mmoja mpole sana, mtu wa maneno machache, kavaa koti la kahawia refu la zamani, kofia ya sufi ya kijivu na skafu rangi ya kutu imezungushwa shingoni mara tatu. Nikaamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akaangalia lile koti langu la mtumba, akatikisa kichwa. Hakusema kitu ila nilielewa baadaye.

Kutoka Chimala kupanda Matamba kuna barabara inaitwa Hamsini na Saba. Kona 57, moja baada ya nyingine, huku ukuta huku shimo. Mimi nilikuwa nahesabu kwa sauti kama mtoto, kona ya kumi na tisa nikaacha kuhesabu, kona ya ishirini na tano nikaacha na chai niliyokunywa Chimala. Mzee akasimamisha gari, akanipa maji, akasema, "Watu wa Dar wote ni hapahapa." Yaani kuna sehemu yetu kabisa.

Juu kule jamani. Mita 2,600 hivi. Sijui niseme nini, mimi sio mtu wa mashairi, ila nilishuka kwenye gari nikasahau baridi kama dakika nne. Kuna ua moja refu, kijiti kinakufika kiunoni, kichwani limejaa vimirija vidogo vidogo, chini vimeshafunguka ni vya njano, juu bado vimefumba ni vyekundu, utasema Mwenge wa Uhuru umechomekwa kwenye nyasi, na ipo mingi tu kama mbio za mwenge za mikoa yote zimekutana hapo. Na okidi sasa, nyingine ndogo kama kucha, inabidi ulale kifudifudi uizungumzishe. Nikalala. Nikawa natambaa kwa viwiko kutoka ua hadi ua, tumbo limelowa, furaha tupu.

Nikasikia kwa nyuma, "Wewe unachimba nini hapo?"

Kumbe askari wa hifadhi tuliyepewa atutembeze, alikuwa amebaki nyuma kidogo, kuniona nimelala naparua udongo akajua yaleyale. Maana kule watu huwa wanachimba vile viazi vya okidi, vinavushwa hadi Zambia watu wanakula, chakula wanakiita chikanda. Nikageuka nimejaa tope mpaka masikioni, nikamwonesha kamera. Akanikagua mifuko hivyohivyo. Akakuta pipi kifua mbili na risiti ya lenzi. Tukawa marafiki.

Siku ya kwanza na asubuhi ya siku ya pili nikawa na picha za maua kama 260 hivi, na zilikuwa nzuri, naapa, nilikuwa naziangalia kwenye kioo cha kamera najisemea mwenyewe we jamaa ulichelewa wapi. Ndipo yule afande akanitajia tandawala. Sikuwa namjua. Ni ndege mkubwa wa ardhini, akisimama anakaribia mita, mgongo wa kahawia, kichwa cha kijivu, shingo kwa nyuma rangi ya kutu, adimu sana Tanzania lakini Kitulo wapo. Akaninyooshea kidole kwenye kibonde kimoja, "Jana niliona wawili pale. Ila ni waoga. Kaa hapa kimya, usisogee, mimi namfuata yule mwenye ng'ombe pale chini nirudi."

Nikakaa. Ukungu ukashuka. Ukungu wa Kitulo sio ule wa kuangalia kwa mbali, ule unakuja unakukalia mapajani. Nusu saa meno yanagongana, vidole sivisikii. Nikaanza kufikiria joto la Sinza kwa mapenzi. Na hapo hapo ukungu ukafunguka kidogo kama pazia, nikamwona.

Kwenye nyasi ndefu, kama mita sitini hivi, amejikunyata chini. Mgongo wa kahawia. Kichwa cha kijivu. Na shingoni, jamani, rangi ya kutu.

Moyo ulinidunda mpaka picha tatu za mwanzo zimetikisika. Nikavuta pumzi, nikaanza kupiga. Kama anajitikisa kidogo, nikapiga. Akainamisha kichwa, nikapiga. Akatulia muda mrefu sana bila kusogea, nikasema labda anaatamia mayai, hapo ndo nikachanganyikiwa kabisa, nikajiona natangazwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili. Nikatambaa mita kumi mbele. Nikapiga. Nikatambaa tena. Picha 87. Kwenye ile ya 87 ndege akainua mkono akachuma majani mapana.

Nikabaki nimeganda. Na ukungu nao, sijui kwa nini haukungoja, ukaondoka wote kwa mpigo, jua likapiga, tukawa tunaangaliana mimi na mzee wa gari, yeye amechuchumaa suruali magotini, mimi nimelala kifudifudi mita thelathini na bomba la maji machafu nimemwelekezea.

"Kijana."

"Naam mzee."

"Unafanya nini?"

Nyie mngejibu nini? Mimi nilisema, "Nilidhani ni tandawala." Na hadi leo nikiwa peke yangu nikikumbuka nilivyoitamka ile sentensi huwa nafunika uso.

Mzee alimaliza mambo yake kwa heshima zote, akafunga mkanda, akanawa mikono kwenye maji ya mvua, akaja. Hakugomba. Angegomba ningejisikia vizuri. Alitoa miwani kwenye mfuko wa koti, akaivaa, akasema, "Mimi nina wajukuu. Futa. Nikiona." Afu akaweka funguo ya gari mfukoni akaifungia kifungo, nikaelewa kwamba bila hilo hakuna kushuka Hamsini na Saba.

Nikaanza kufuta moja moja. Kamera yangu kila picha inakuuliza una uhakika, unasema ndiyo, inafikiria, inafuta. Mzee kila picha anasogeza pua kwenye kioo, "Na hiyo." "Na hiyo." Tumefika ya sita hivi manyunyu yakaanza, vidole vyangu ni vya mtu mwingine kabisa, mzee akauliza kwa upole, "Hakuna namna ya kuzifuta hizi kwa mpigo?" Na mimi kwa ufundi wangu, mtu wa miaka tisa, nikasema ipo mzee. Nikaingia kwenye menyu. Nilikuwa nataka ile ya kuchagua fungu. Kidole hakina hisia, kikateleza chini, ikaja fomati, nikabonyeza ndiyo kwa mazoea ya zile ndiyo sita.

Kioo kikaandika: hakuna picha.

Mzee akavua miwani, akanipiga piga begani. "Asante mwanangu. Wewe ni mwaminifu."

Siku moja na nusu ya Bustani ya Mungu. Kadi ya pili ndo ile iliyobaki Sinza, na simu nayo ilikuwa imezima tangu asubuhi. Nilikuwa na kama dakika ishirini kabla hatujaondoka, ukungu ushafunga tena, nikawa kama kichaa, nikashika kidole kamera inalia tatatatata kama bunduki, naelekeza popote, labda itanasa hata ua moja. Picha 270 za ukungu. Zote nyeupe. Ukiziweka mfululizo zinafaa kupaka ukuta.

Kurudi Dar nikakimbilia Kariakoo kwa fundi mmoja wa kurudisha vitu vilivyofutika. Akaniambia usiwe na wasiwasi broo, fomati haifuti picha, inachana ile kurasa ya yaliyomo tu, picha zenyewe zinabaki kadini mpaka uandike nyingine juu yake. "Hukupiga chochote baada ya kufomati, si ndiyo?" Nikanyamaza. "Broo?" Nikamwambia nilipiga ukungu. Akauliza picha ngapi. Nikamwambia. Akaniangalia vile daktari anavyoangalia ndugu wa mgonjwa, akanieleza kwamba kamera hii kadi ikishafomatiwa inaanza kuandika upya kutoka mwanzo, kwa hiyo ule ukungu wote umekaa juu ya maua, ukayafunika moja moja kwa mpangilio. Ila, akasema, zile za mwishomwisho zilizopigwa kabla ya fomati hizo zitakuwa salama kabisa.

Nikamwambia hizo achana nazo. Programu ikawa ishaanza. Zikaanza kutokea kwenye kioo, mzee, mzee, mzee, mzee, zimerudi zote mpaka zile nilizofuta moja moja, na wateja wa fundi nao wamesogea kuangalia.

Sasa shangazi na laki yake. Nilipanga nimwambie ukweli, nikamfuata saluni na laptopu, kabla sijafungua mdomo akawa ameshaona ile picha ya nne, ukungu mwepesi, nyasi, umbo la kahawia limejikunyata na ile shingo ya kutu, na niseme tu bila kujisifu, mwanga ulikuwa mzuri. Shangazi akashika kifua. "Hii! Ndege gani huyu mzuri hivi?"

Tandawala, shangazi.

Ipo ukutani mpaka leo, fremu ya dhahabu, inchi 24 kwa 36. Mzee alinipigia juzi kunisalimia, akaniuliza kwa utaratibu kama zile picha zilifutika kweli, nikamwambia mzee wewe mwenyewe ulisoma kwenye kioo. Akaridhika, akanikaribisha tena mwakani. Jumamosi nikapita saluni, kuna dada mmoja chini ya draya kaikazia macho ile picha muda mrefu, akamwambia shangazi, "Mama, mbona huyu ndege kama ana mkanda?"

Shangazi hakuinua hata kichwa kwenye rasta anazosuka. "Hao wa milimani," akasema, "ndivyo walivyo."