Usijifunze kuuza kutoka kwa anayeuza mafunzo ya kuuza

Vijana wengi wa Kisumu wanaojitafutia riziki kwa kazi za mtandaoni wameanza kugeukia uandishi wa barua pepe za mauzo, na sababu yao inaeleweka. Makala za bei ya kutupa zilizowalisha wengi miaka michache iliyopita sasa huandikwa na programu za akili unde, ilhali mfanyabiashara bado yuko radhi kumlipa vizuri mtu ambaye barua yake inaleta oda. Ushauri wa kwanza wanaopewa ni kwamba wajiandikishe kupokea barua za magwiji wa mauzo, wazisome kila siku, kisha waige. Sina ugomvi na ushauri huo kwa jumla, kwa sababu hakuna fundi aliyezaliwa akiijua kazi. Ugomvi wangu ni kuhusu magwiji wanaochaguliwa.

Ukichungulia kikasha cha barua cha mwanafunzi wa aina hii, utakuta karibu kila anayemfuata ni mtu anayeuza kozi ya kuandika barua za mauzo, au kozi ya kupata pesa mtandaoni, au hata kozi ya kuuza kozi. Barua hizo zimeandikwa kwa ustadi, hilo silikatai. Lakini tazama mazingira yake. Msomaji alijiandikisha mwenyewe kwa sababu anamhusudu mwandishi na anayatamani maisha yake. Bidhaa haihitaji ghala wala lori, na haiozi. Na ile tarehe ya mwisho inayotangazwa kwa kishindo imebuniwa na muuzaji, ambaye akitaka anaweza kufungua mauzo tena wiki ijayo bila hasara yoyote. Kijana akizibeba mbinu hizo mzimamzima na kumwandikia mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kakamega barua ya kuwatumia wateja kwamba "zimesalia nafasi tatu tu" za kununua matangi ya maji, mteja anayepita mbele ya duka hilo kila jioni na kuyaona matangi yamepangwa hadi barabarani atacheka, kisha hataiamini barua ya pili hata ikiwa ya kweli.

Kwa maoni yangu, anayestahili kuchunguzwa ni yule aliyewauzia vitu vya kawaida watu wasiomjua, na mauzo yake yakahesabiwa. Ndiyo maana wanaoniuliza huwa ninawaelekeza kwenye barua za posta za karne iliyopita kabla hawajagusa barua pepe. Barua ya posta ilihitaji karatasi, uchapishaji, bahasha na stempu, kwa hiyo hakuna kampuni iliyoendelea kuituma kwa mapenzi tu. Iliyoshindwa kurudisha gharama zake iliachwa. Ukiona barua moja ilitumwa mwaka baada ya mwaka, jua kwamba fedha zilikwisha kuitolea ushahidi.

Mfano ninaoupenda ni barua ambayo Martin Conroy aliliandikia gazeti la Wall Street Journal la Marekani, iliyotumiwa kuwatafuta wateja wapya tangu katikati ya miaka ya 1970 kwa zaidi ya miaka 25. Inaanza na vijana wawili waliohitimu chuo kimoja siku moja, wakiwa wamefanana karibu kwa kila jambo. Miaka 25 baadaye wanakutana tena chuoni hapo: wote wameoa, kila mmoja ana watoto watatu, na wote wanafanya kazi katika kampuni ileile, lakini mmoja ni msimamizi wa idara ndogo, na mwenzake ndiye mkuu wa kampuni nzima. Kilichowatenganisha, barua inasema, ni kile ambacho kila mmoja anakijua na namna anavyokitumia.

Mwanafunzi mwenye pupa ataichukua hadithi hiyo na kwenda kumwandikia muuza mbolea wa Nakuru habari za wakulima wawili wa Njoro waliomaliza shule pamoja. Si kosa kubwa. Conroy mwenyewe hakuwa wa kwanza, maana yapata mwaka 1919 Bruce Barton alikuwa ameandika tangazo la Alexander Hamilton Institute, taasisi ya masomo ya biashara, lililojengwa juu ya wanaume wawili waliotoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na maisha yao yakashika njia tofauti. Hata hivyo, anayesoma taratibu ataona jambo jingine. Kuelekea mwisho, pale ambapo waandishi wengi wa leo wangepiga tarumbeta, Conroy anasema wazi kwamba hawezi kumwahidi msomaji mafanikio ya papo hapo. Anachoweza kumhakikishia ni kwamba gazeti litakuwa la kuvutia, la kuaminika na la manufaa. Baada ya hadithi yote ile ya vyeo, ahadi yenyewe ni ndogo, na inatimizika. Anayeiba hadithi kisha akaongeza ahadi ya utajiri juu yake ameondoka na bahasha na kuiacha barua mezani.

Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo wa Marekani, naye ana funzo ambalo sijaona likitajwa vya kutosha. Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini kisa chake kinaonyesha kwamba kizuri kinaweza kukaa miaka bila kujiuza. Aliajiriwa kuandika matangazo ya bia ya Schlitz wakati ambapo kila kiwanda cha Marekani kilikuwa kikipiga kelele kwamba bia yake ni safi. Badala ya kutafuta neno kali zaidi ya "safi", alikwenda kiwandani. Akaonyeshwa vyumba vya vioo ambamo bia ilipoozwa katika hewa iliyochujwa, mabomba yaliyosafishwa mara mbili kwa siku, chupa zilizooshwa mara nne, na maji yaliyotoka katika visima vya kina kirefu. Alipouliza kwa nini hawawaelezi wanywaji mambo hayo, alijibiwa kwamba kila kiwanda hufanya vivyo hivyo. Akayaandika, na kwa simulizi yake mwenyewe bia hiyo ikapanda kutoka nafasi ya tano hadi kulingana na iliyoongoza katika muda wa miezi michache tu. David Ogilvy, mwandishi mwingine wa matangazo, alifanya jambo linalofanana na hilo. Kabla ya kuandika tangazo lake la gari la Rolls-Royce la mwaka 1958, alitumia wiki tatu kusoma habari za gari hilo, na kile kichwa mashuhuri kuhusu saa ya umeme kusikika kuliko injini alikitoa katika maneno ya mhariri wa jarida la magari. Mwanafunzi akitaka kuiba kitu kwa hawa wawili, basi aibe safari ya kiwandani na wiki tatu za kusoma.

Hapa Kisumu safari hiyo haigharimu zaidi ya nauli ya bodaboda. Mji huu unaishi kwa warsha: miradi ya afya, idara za kaunti na mashirika yasiyo ya kiserikali hukodi kumbi za hoteli karibu kila wiki. Barua pepe ya kawaida inayotoka katika ofisi ya mauzo ya hoteli husema, "Tunakukaribisha ufurahie huduma zetu za hadhi ya juu katika mandhari tulivu ya Ziwa Victoria." Anayeipokea ni afisa wa utawala wa shirika fulani, ambaye ziwa analiona bure kila asubuhi akienda kazini. Mwulize kwa heshima kinachomnyima usingizi siku moja kabla ya warsha, naye atakutajia bila kusita: umeme kukatika mtoa mada akiwa katikati ya maelezo, chai ya saa nne kufika saa tano, washiriki wa kutoka Migori na Busia kuwasili usiku na kukuta hakuna mtu wa mapokezi, na mwisho wa yote, ankara isiyo ya eTIMS (mfumo wa kielektroniki wa ankara wa mamlaka ya kodi), ambayo mhasibu wake ataikataa. Ukiwa na orodha hiyo, nenda hotelini, uingie jikoni na katika chumba cha jenereta. Mwulize fundi jenereta huchukua muda gani kuwaka. Mwulize mpishi ni nani anayeamua saa ya chai. Ukitoka humo utakuwa na barua ya namna hii:

"Umeme ukikatika katikati ya warsha yako, jenereta yetu huwaka yenyewe, na projekta ina betri ya akiba, kwa hiyo mtoa mada hatalazimika kuanza upya. Chai huwa mezani dakika kumi kabla ya saa nne. Mtu wa mapokezi yupo usiku kucha. Ankara ya eTIMS hutumwa siku ileile mnapoondoka. Tafadhali nitumie tarehe na idadi ya washiriki, nami nitakuletea nukuu ya bei kabla ya jioni."

Humo hamna sifa hata moja ya kujipigia debe. Na ikiwa jenereta haiwaki yenyewe, mwandishi atakuwa ameligundua hilo mapema, na meneja atajua kwamba anayehitajika kwanza ni fundi wa umeme.

Kuhusu namna ya kujifunza, ushauri unaorudiwa mno ni ule wa Gary Halbert, mwandishi wa barua za mauzo wa Marekani, aliyewahimiza wanafunzi wake kunakili kwa mkono matangazo yaliyofaulu. Nimewaona watu wakijaza madaftari kwa njia hiyo na kubaki na vidole vilivyochoka. Kunakili humfanya mtu aone urefu wa sentensi na mahali aya inapokatwa, jambo ambalo macho peke yake hulipita; zaidi ya hapo, mkono unaweza kuandika huku akili iko sokoni. Mimi naona njia ya Benjamin Franklin ni bora. Akiwa kijana huko Boston alichukua insha za jarida la Uingereza lililoitwa The Spectator, akaandika vidokezo vifupi vya maana ya kila sentensi, akaviweka kando kwa siku kadhaa, kisha akajaribu kuiandika insha upya kwa maneno yake na kuilinganisha na ile ya asili ili aone alipopungukiwa. Wakati mwingine alivivuruga vidokezo hivyo kwa makusudi, akajizoeza kuvipanga tena. Kwa sisi tunaoandika Kiswahili, njia hii ina faida ya ziada: vidokezo vikiandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, barua unayoijenga upya haitakuwa na harufu ya tafsiri, na utalazimika kutafuta jinsi mtu wa Bungoma au Kericho anavyolisema jambo hilo akiwa dukani.

Liko jambo moja ambalo magwiji wenyewe hulikubali na wafuasi wao hulisahau, nalo ni kwamba hata wao hawajui barua ipi itashinda. Kampeni ya urais ya Barack Obama ya mwaka 2012, ambaye ukoo wa baba yake uko Kogelo, mwendo mfupi tu kutoka hapa, iliendeshwa kwa kiasi kikubwa na michango iliyoombwa kwa barua pepe. Watu wake waliandika matoleo mengi ya barua moja, wakayajaribu kwa makundi madogo ya wafuasi, kisha lililoshinda ndilo likatumwa kwa wote. Barua ya Juni mwaka huo iliyokuwa na kichwa cha kumwonya msomaji kwamba rais atazidiwa kwa matumizi ilileta zaidi ya dola milioni 2.6, ilhali vichwa vingine vilivyojaribiwa pamoja nacho vilikadiriwa kuleta pungufu sana, kimojawapo chini ya nusu milioni. Wafanyakazi hao walikuwa wakibashiri mshindi kabla ya majaribio, na mara nyingi walikosea. Mwenye hoteli wa Kisumu mwenye anwani mia tatu hawezi kufanya majaribio ya namna hiyo kwa maana, na nisingemshauri ahangaike nayo. Anachoweza kufanya ni kuhesabu waliojibu na waliopiga simu. Idadi ya waliofungua barua haina uzito tena, kwa sababu tangu 2021 programu ya barua ya Apple imekuwa ikizipakua yenyewe picha za barua, na kwa kuwa kufunguliwa huhesabiwa kwa kupakuliwa kwa picha hizo, barua inaonekana imefunguliwa hata kama mpokeaji hajaiona.

Waandishi wa posta hawakuwa na masharti tuliyo nayo leo, na hapo mifano yao haitusaidii. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 hairuhusu kuchukua anwani za watu kutoka kwenye karatasi ya mahudhurio ya warsha na kuanza kuwauzia bila idhini yao, na tangu mwaka 2024 Gmail na Yahoo wamewadai watumaji wakubwa waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja na wahakikishe malalamiko ya barua taka hayafiki asilimia 0.3. Sioni la kulalamikia hapo.

Wapo watakaonikumbusha kwamba biashara ya Kisumu hufanyika kwenye WhatsApp, na kwa muuza samaki wa Dunga au muuza nguo wa Kibuye hilo ni kweli kabisa. Sitamshauri aanzishe orodha ya barua pepe. Lakini yule afisa wa utawala hawezi kukodi ukumbi kwa ujumbe wa WhatsApp. Mkaguzi wa hesabu atataka kuona nukuu za bei za hoteli kadhaa, kila moja ikiwa na tarehe na jina la aliyeituma, na nukuu hizo huombwa na hujibiwa kwa barua pepe. Hoteli inayomwandikia wiki mbili kabla hajaanza kuziomba, ikamweleza habari za jenereta na za ankara, itakuwa kwenye orodha yake siku atakapoketi kuiandaa.