Programu ya kupunguza uzito: unalipia ratiba au ufuatiliaji?

Hapa Mbeya programu za kupunguza uzito zimeingia kila kundi la WhatsApp, kuanzia la wafanyabiashara wa Mwanjelwa hadi la wanakwaya. Unatuma elfu thelathini au hamsini kwa simu, unaletewa ratiba ya mlo ya mwezi mzima. Wengine wanaongeza chai au unga wa kukoroga, bei inapanda. Je, inafaa kulipa? Naona inategemea unauziwa nini, maana humo ndani kuna bidhaa mbili: ratiba, na mtu wa kukufuatilia.

Tuanze na ratiba. Moja niliyoonyeshwa na mama anayeuza vitenge ilitaka asubuhi ale shayiri na maziwa ya lozi, mchana samaki aina ya salmoni na brokoli. Mama huyu anafungua kibanda alfajiri, mchana analetewa wali maharage na mama lishe, jioni anapikia familia nzima sufuria moja ya ugali. Kuifuata ratiba ile kungemlazimu apike mara mbili na anunue mara mbili. Parachichi za Rungwe, matembele na usipa wa Ziwa Nyasa, vyote vya sokoni kwake, havikutajwa hata kimoja.

Hata ingekuwa ya vyakula vyetu, ratiba peke yake haina siri ya kuuzwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 609 waliofuatiliwa mwaka mzima, kundi moja likipunguza mafuta, jingine wanga. Walipungua wastani wa kilo 5.3 na 6.0, tofauti ambayo kitakwimu si ya maana. Anayekwambia bila kuacha ugali hutapungua hana ushahidi.

Lakini wanaosema "kula kidogo tu, usipoteze hela" nao wanarahisisha mno. Mwaka 2011 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa watu 772 wa Uingereza, Ujerumani na Australia. Waliopelekwa kwenye programu ya Weight Watchers, yenye mikutano na kupimwa uzito kila wiki, walipungua wastani wa kilo 5.1 kwa mwaka. Waliopewa huduma ya kawaida kwa madaktari wao, kilo 2.3. Fedha za utafiti zilitoka kwa kampuni yenyewe, na hilo lazima lisemwe. Hata hivyo matokeo yanaingia akilini: wengi tunajua la kufanya, tunakosa mtu wa kutuuliza tumefikia wapi.

Chukua mfano wa chai ya nyumbani. Juni na Julai, baridi ya Uyole ikikaza, mtu anakunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Hiyo ni kama gramu 48, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kama gramu 50 kwa siku, ikihesabiwa pamoja na ya soda na juisi. Ratiba ya kunakili haiwezi kuliona hilo. Anayekuuliza unakunywa nini ataliona siku ya kwanza.

Chai na vidonge vya kukata tumbo nisingevilipia hata shilingi. Baadhi vina sena, dawa inayomfanya mtu aharishe: yanatoka maji, mafuta yanabaki. Sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, imekuwa ikikutwa imefichwa kwenye bidhaa za namna hii. Na mwenye kisukari anayetumia insulini asianze programu yoyote kabla ya kuonana na daktari. Akipunguza chakula bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka hadi azimie.

Kama una wenzako wawili watatu mnaoweza kupimana kwenye mizani kila wiki, na ukamwona afisa lishe wa halmashauri, sehemu kubwa ya kinachouzwa umeshaipata. Kama huna, kumlipa mtu anayekufuatilia kwa chakula cha sufuria yako ni matumizi halali. Muulize kwanza utapimwa lini na ukikwama utaongea na nani. Akikujibu kwa kukutumia picha za waliopungua, hela yako ibaki mfukoni. Akijibu vizuri, lipa mwezi mmoja, usikubali mitatu kwa mkupuo.