Firigisi ya Baba

Jamani, mimi nadai. Nadai firigisi moja tangu mwaka 1983, na ukiweka na riba, hapa nilipo nadai banda zima.

Kwetu Tanga kuku hakuwa kitoweo, alikuwa tukio. Ukiona jogoo anakimbizwa na watoto sita kuzunguka nyumba, ujue ama ni Idd ama kaja mjomba. Na miaka ile, wenzangu mnakumbuka: sukari foleni duka la kaya, ugali wa yanga, wa manjano kama umepakwa rangi. Sasa siku hiyo kuku! Mama yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, dada anakamua kifumbu, tui la kwanza limefunikwa kama mtoto mchanga, na mimi nimeshafukuzwa jikoni mara mbili kwa kuchota nazi.

Kuku mmoja, walaji 11. Mama aligawa kwa sheria ambayo sijui ilipitishwa na bunge gani. Paja la mgeni. Kidari cha bibi, maana hakuna mfupa na yeye hana meno. Watoto shingo, miguu na mchuzi mwingi wa kutuziba midomo. Firigisi ya baba. Hiyo haijadiliwi. Inakaa kwenye sinia upande wake, nasi tumekunja miguu mkekani, mikono inafinya tonge, macho yote kwenye firigisi.

Siku moja nikamuuliza mama, mimi je? Akasema, "Ukiwa baba utakula."

Nikakua kwa ahadi hiyo.

Haya, sasa ni baba. Nina watoto watatu na deni la ada kuthibitisha. Kuku anakuja na bodaboda, ndani ya boksi, kalaliwa na chipsi. Nimepekua boksi mpaka chini: hakuna firigisi! Nikamuuliza kijana wa boda, akanitazama kama nimemuuliza roho ya marehemu iko wapi. Mke wangu akadakia, "Baba Mwanaidi, si zinauzwa kwa kilo sokoni?"

Kwa kilo! Heshima ya baba mzima inapanda mizani, jirani yake vichwa na miguu!

Nikanunua nusu kilo hivyo hivyo. Nikakaanga mwenyewe kwa vitunguu na pilipili manga, nikatandika mkeka, nikaita watu. Wa kwanza kashiba. Wa pili kauliza kama hicho kitu kinaliwa. Wa tatu hakusikia, ana waya masikioni.

Nikala peke yangu. Ya kwanza, tamu. Ya tatu nikaanza kuangalia mlangoni. Ya tano taya zinauma. Baba alikuwa akifika nusu anakata kipande, ukubwa wa ukucha, anampa aliyemkodolea macho kuliko wote. Mimi wa kunikodolea hayupo.

Akaja paka wa jirani. Akakaa pembeni ya mkeka, akanitazama mdomoni bila kupepesa.

Nikamkatia.