Kikosi au Jina? Mwanamichezo wa Zanzibar na Maisha Baada ya Kutundika Daluga

Ushauri wanaopewa siku hizi vijana wanaocheza mpira, wanaokimbia au wanaopigana ngumi ni mmoja: jenga jina lako mwenyewe. Fungua ukurasa, weka picha za mazoezi, tafuta mdhamini, uwe balozi wa kampuni, ili siku mwili ukikataa jina libaki linakulisha. Ushauri huu umetoka kwenye nchi zenye ligi tajiri na unarudiwa hapa kama ulivyo. Ukifika Unguja na Pemba unakutana na jibu jingine la zamani, ambalo wazazi wetu wamekuwa wakilitoa bila semina wala kitabu: mtafutie mtoto kikosi.

Asiyeijua ligi yetu anahitaji maelezo kidogo. Timu nyingi zinazotawala Ligi Kuu ya Zanzibar ni za vikosi vya askari wa Serikali ya Zanzibar: KMKM, JKU, Mafunzo, KVZ, Zimamoto. Kijana mwenye kipaji akitakiwa na timu kama hizi, nyumbani kwao hawaulizi atashinda makombe mangapi. Wanauliza kama ataajiriwa. Akiajiriwa anakuwa askari anayecheza mpira. Mshahara unatoka mwisho wa mwezi, timu ishinde au ishuke daraja, mchango wake unaingia ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, na goti likimharibikia akiwa na miaka 27 anapangiwa kazi nyingine na kuendelea kuvaa sare. Mwenzake wa timu ya kiraia anasubiri posho, na posho huja pale fedha zinapopatikana.

Wanaobeza njia hii husema inaua ndoto. Sidhani kama wameitazama dunia ya mpira vizuri. Mwaka 2016 shirikisho la vyama vya wachezaji duniani, FIFPRO, lilitoa ripoti baada ya kuwauliza karibu wachezaji 14,000 katika nchi 54. Asilimia 41 walisema wamewahi kucheleweshewa mshahara katika misimu miwili iliyotangulia, na asilimia 45 walikuwa wakilipwa chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Hao ni watu wa ajira ya mpira, wengi wao wenye mikataba. Mtu akiyajua hayo, mama wa Kwahani anayemsihi mwanawe asiache kikosi kwa sababu ya fedha za usajili za mara moja haonekani tena kuwa mwoga. Amepiga hesabu zake.

Hata hivyo kikosi kina mipaka, na ni lazima isemwe. Nafasi za ajira ni chache kuliko vipaji, na anayezikosa hana mpango wa pili. Wapo pia wanaoipata ajira wakiwa na miaka 20 wakaona wameshafika, mpira ukawa zamu kama zamu nyingine. Na kikosi kinamlinda mtu mwenyewe lakini hakilikuzi jina lake. Shabiki anaishangilia JKU, na winga aliyetoa pasi ya bao anasahaulika kabla gari halijatoka Amaan.

Tuje kwenye upande wa jina. Hoja yake ya kwanza kwetu ni ngumu kuipinga: jukwaa letu ni dogo, kwa hiyo kila mwanga unaotuangukia lazima utumike. Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Machi 2017, na Julai mwaka huohuo ikaondolewa. Klabu zetu zinacheza mashindano ya Afrika, lakini timu ya taifa imebakiwa na michuano ya ukanda wetu na Kombe la Mapinduzi, pale linapochezwa na timu za taifa. Klabu ya Mlandege ililitwaa kombe hilo mara mbili mfululizo, na Januari 2024 iliifunga Simba kwenye fainali, uwanja wa Amaan ukiwa umetoka kufunguliwa upya wiki chache kabla. Usiku ule wachezaji wa Mlandege walikuwa wakizungumzwa mpaka Mwanza. Ni wangapi kati yao walikuwa na mtu wa kupokea simu yenye maana asubuhi yake, na kujua la kujibu? Sifa ya ghafla huoza kama samaki aliyeachwa juani, na kwetu hakuna aliyepewa kazi ya kuitia barafu.

Kwa Pemba hoja hii ina nguvu zaidi. Mawakala hawavuki bahari kwenda kutazama mechi ya Wete. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa na timu za taifa kwenye uwanja wa Gombani, Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, wakaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali, na kwa siku chache Chake Chake ikawa ndiyo inayotazamwa. Mashindano yakaondoka. Kijana wa Micheweni anayerekodiwa na rafiki yake kwa simu, vipande vya dakika mbili vyenye jina, umri, namba ya jezi na tarehe ya mechi, anafanya kazi ambayo hakuna ofisi inayomfanyia. Huyo simwambii aache. Namwambia aongeze mechi nzima, kwa sababu kocha makini hamsajili mtu kwa mabao yaliyochaguliwa.

Ugumu unakuja jina linapotakiwa kugeuka fedha. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 visiwa vyote. Soko la matangazo la watu hao ni dogo, na kampuni zinazomwaga fedha kwenye michezo ya nchi yetu ni za aina chache: simu, benki, vinywaji, michezo ya kubahatisha. Kwa Mzanzibari wa kawaida, bia na kamari zinatoka kwenye orodha mapema. Wengine wataita huko kujinyima, lakini nitalitetea hili hata kwa mtu asiyejali dini. Mchezaji wa hapa akistaafu atarudi kuishi mtaa uleule, atataka wazazi wamwachie watoto awafundishe mpira, atataka kukaribishwa skuli azungumze na wanafunzi. Picha yake kwenye bango la kamari itamtangulia kila mlango. Frédéric Kanouté wa Mali, alipokuwa Sevilla mwaka 2006, alilifunika jina la kampuni ya kamari kwenye jezi yake kwa sababu ya imani yake, na jina lake halikupungua thamani. Ni kweli kwamba yeye alikuwa na mshahara wa Hispania nyuma yake. Anayelipwa kwa posho atashawishika kirahisi zaidi, na ndiyo maana uamuzi huu unafaa kufanywa kabla ofa haijaletwa mezani.

Wapo wanaosema utalii utaziba pengo. Utalii una fedha, hilo liko wazi: Yanga walicheza Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2023/24 wakiwa na maneno “Visit Zanzibar” kifuani. Lakini mkataba wa namna hiyo ni wa klabu, na mgeni aliyelala hoteli ya Nungwi hamjui beki wa KMKM. Waliofaidika na wageni kwa jina lao wenyewe ni vijana wa Paje waliojifunza kuteleza baharini kwa tiara wakawa walimu. Mgeni anarudi mwaka wa pili akimuulizia mwalimu wake kwa jina. Mfano wao haujazungumzwa vya kutosha, nadhani kwa sababu hatujazoea kuwaita wanamichezo.

Jina kubwa peke yake halijawahi kumtosha mtu katika nchi yetu, na ushahidi mzuri upo bara. John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Kisa chake kimesimuliwa dunia nzima kwa zaidi ya nusu karne, nadra kupata Mtanzania ambaye hadithi yake imefika mbali kiasi hicho. Yeye alirudi Mbulu kulima. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3:32.16, akapata medali ya fedha Moscow mwaka 1980, na leo jina lake liko kwenye mageti ya skuli alizozianzisha. Kulima ni kazi ya heshima, na simpimi mzee Akhwari kwa mali. Ninachouliza ni nini kililifanya jina la Bayi liweze kubeba taasisi. Alikuwa mwanajeshi, na alisoma chuo kikuu Marekani. Kikosi kilimpa mahali pa kusimama, elimu ikampa cha kujenga, na jina likamfungulia watu masikio. Ukiondoa viwili vya mwanzo, cha tatu kinabaki hadithi nzuri.

Hapa kwetu tuna Nadir Haroub “Cannavaro”. Jina lenyewe ni la nahodha wa Italia aliyebeba Kombe la Dunia mwaka 2006, lakini kwa Watanzania limekuwa lake. Alikaa Yanga zaidi ya miaka kumi, akawa nahodha wa klabu na wa Taifa Stars, na alipotundika daluga mwaka 2018 klabu ikamfanya meneja wa timu. Jina lile halikujengwa na kampuni ya matangazo. Lilijengwa na uaminifu uliorudiwa kila msimu, na waliomwajiri walikuwa watu waliomwona akifanya kazi. Kwenye visiwa ambako kila mtu anamjua mjomba wa mwenzake, sifa ya aina hii ndiyo inayolipa, kwa kuwa tajiri wa Darajani akitafuta mtu wa kumwachia duka au timu anauliza tabia kabla ya kuuliza wafuasi.

Ila nisiliegemee hilo kupita kiasi. Uaminifu unamfaa mchezaji pale klabu nayo inapokuwa nao. Feisal Salum alitoka JKU akaenda Yanga mwaka 2018, akawa kipenzi cha mashabiki, kisha Desemba 2022 ukazuka mgogoro wa mkataba ulioendelea hadi katikati ya 2023, Rais Samia mwenyewe akautaka uongozi wa Yanga uumalize, ndipo akahamia Azam. Kila shabiki ana upande wake katika suala lile. Jambo moja halina upande: kijana mwenye jina kubwa kuliko wote waliotoka hapa kwa kizazi chake alikaa nje kwa miezi katika umri wake bora, na jina halikumsaidia kurudi uwanjani haraka. Yaliyoandikwa kwenye karatasi yalikuwa na nguvu kuliko umaarufu.

Kwa wasichana mizani inakaa tofauti. Sheria za mpira duniani zimeruhusu hijabu uwanjani tangu 2014, na wasichana wetu wanacheza wakiwa wamejisitiri, lakini picha iliyowekwa mtandaoni na mtu mwingine, bila yeye kuulizwa, inaweza kuifanya familia imkataze mpira ndani ya siku moja. Kumwambia binti wa namna hii ajitangaze tu ni kumtwisha hatari ambayo mshauri haibebi. Ajira ya kikosi kwake ina uzito maradufu, kwa sababu inaipa familia jibu. Na akitaka kuonekana, aamue yeye picha ipi itoke. Klabu zinaweza kulitekeleza hilo kesho bila senti tano.

Bondia naye yuko peke yake. Ngumi zilipigwa marufuku hapa tangu miaka ya 1960, zikarudishwa chini ya uongozi wa Rais wa Zanzibar, Dk. Hussein Mwinyi. Anayepanda ulingoni leo Unguja hana kizazi cha mabondia wastaafu wa kuwauliza walikosea wapi. Kwake kuweka akiba ndiko kunakotangulia kila kitu, na mpango wa ZSSF wa kuchangia kwa hiari kwa wasio na mwajiri upo kwa ajili ya watu kama yeye.

Basi nikiulizwa na kijana wa miaka 22 mwenye ajira ya kikosi na ofa ya miaka miwili kutoka bara, simwambii abaki. Mpira una umri na kipaji kina haki ya kujaribiwa. Namwambia kwanza aulize mambo matatu: mkataba umesomwa na mtu asiyelipwa na klabu? Picha na jina lake vitatumika vipi, na kwa malipo ya nani? Na je, leseni ya ukocha au cheti cha fani nyingine ataanza kukisomea lini, akiwa bado anacheza? Asiye na majibu hata mawili asubiri dirisha lijalo la usajili.

Wenye vikosi nao wana sehemu yao. Leo kijana anachagua kati ya kuacha kazi moja kwa moja na kuacha ndoto moja kwa moja. Uwepo utaratibu ulioandikwa, unaojulikana kwa kila askari mchezaji: likizo bila malipo ya miaka miwili au mitatu kwa anayesajiliwa nje, nafasi yake ikimngoja, michango yake ikiendelezwa na klabu iliyomchukua. KMKM na JKU zimeshatoa wachezaji wa kutosha kujua kwamba anayerudi na uzoefu wa bara ni kocha wao wa baadaye.