Kishikwambi kimoja, wanafunzi 60
Makala moja niliyoisoma inadai kwamba walimu wa sayansi na hisabati wa sekondari hawatumii teknolojia darasani kwa sababu hawajafundishwa kuitumia. Mimi, ninayefundisha hisabati katika shule moja ya kata wilayani Chamwino, naona dai hilo limegusa nusu tu ya jambo. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu na wengi tumeshavizoea, lakini kioo chake ni kidogo mno kwa darasa la wanafunzi 60. Mwezi uliopita niliazima projekta, nikatundika khanga mbili madirishani kuzuia mwanga (jua la Dodoma mnalijua), kisha kwa programu ya GeoGebra, ambayo ukishaipakua hufanya kazi bila intaneti, nikawaonyesha kidato cha tatu jinsi grafu ya y = x² + c inavyopanda na kushuka kila thamani ya c inapobadilika. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida haulizi kitu, akataka kujua itakuwaje tukiweka alama ya kutoa mbele ya x². Kabla sijamjibu umeme ukakatika, nikamalizia kwa chaki. Walimu wenzangu wa Kongwa na Bahi, ninyi mnafanyaje umeme unapokatika katikati ya kipindi?