Nilivyofundisha watu kuzima moto, bosi akageuka mweupe

Wakuu, mtu akishapata cheti cha TOT, yaani cha kuwa mkufunzi, msimkaribie kwa muda. Mimi nilitoka nacho Morogoro kimeshapigwa lamineshen kabisa. Semina ya wakufunzi, posho safi, kuku kila mchana, tukafundishwa kuchangamsha watu, kutowageuzia mgongo hata sekunde, na kile kitu kitamu kuliko vyote, yaani mtu akikuuliza swali la kukuchelewesha unaliandika kwenye flipchati unamwambia "swali lako tumelipaki, tutalirudia". Hapo nikajiona profesa. Kwenye kitini kulikuwa na ukurasa wa Wamarekani walivyokuwa wanafundisha kazi viwandani enzi za Vita vya Pili, mpango wao uliitwa Training Within Industry, hatua nne tu: mwandae mtu, muoneshe kazi, mwache aifanye mwenyewe huku anakueleza, halafu mfuatilie. Ukurasa huo uligongana na saa ya msosi. Ukapita.

Nimerudi Dar tu, mtu wa rasilimali watu ananiita, eti watu wa OSHA, wale wa serikali wa usalama kazini, wanakuja kukagua godauni, kwa hiyo we mwenye cheti wafundishe wenzio mitungi ya kuzimia moto. Mi ni mtu wa stoo jamani, ile mitungi nilikuwa naiona ukutani kama picha ya rais, ipo, naiheshimu, sijawahi kuigusa. Lakini cheti ni cheti. Nikaingia YouTube usiku kucha, nikatengeneza slaidi 50 na kitu, ya kwanza binadamu wa kale anasugua vijiti.

Umeme ukakatika tukiwa bado kwa huyo binadamu wa kale.

Sawa, twende kwa vitendo. Nikawaambia kabla ya yote angalia saa ya mtungi, mshale ukiwa kwenye kijani upo vizuri. Kijana wa foklifti akanyanyua ule wenye mdomo mpana mweusi, "kocha, huu hauna saa". Nikaukagua, kweli hauna. Watu wote wananitazama. Nikasema kwa sauti ya kitaalamu, "itakuwa imeibiwa."

Weee! Mzee wa getini akasimama. "Imeibiwa? Kwenye zamu ya nani?" Nikamwambia mzee wangu shikamoo, tulia kwanza. Hataki. Anataka majina. Ikabidi yule yule kijana wa foklifti, kumbe alishafanya kazi bandarini, aseme kwa upole kwamba huo ni wa gesi ya kaboni, hauwekwagi saa, ukitaka kujua umejaa unaupima kwenye mizani, na ukiutumia usishike lile domo maana gesi inatoka ya baridi kali mpaka inaunguza ngozi. Nikamshukuru kwa mchango wake. Mzee akakaa ila alikuwa ameshatoa daftari lake anaandika.

Tukatoka uani. Pipa lililokatwa nusu, dizeli kidogo ndani na maji chini yake, moto ukawashwa. Watu nimewapanga upande wa geti la nyuma, mi nimesimama ng'ambo ya pipa tukitazamana, si nimeambiwa mkufunzi hageuzi mgongo. Mkononi mtungi wa poda wa kilo 6. Ilikuwa Julai, saa nane mchana, wa Dar mnalijua kusi la saa hizo.

Mzee akanyoosha mkono. "Mwalimu, na upepo je?"

"Swali zuri sana mzee wangu." Nikaliandika kwa maka peni nyekundu: UPEPO? Likapaki.

Basi nikaanza, vuta pini, lenga chini kule moto unakoanzia usilenge ndimi zake, minya, peleka kushoto kulia. Hatua zote nilizipatia, naapa, aliyekosea si mimi ni upepo. Nimeminya tu, lile wingu likatoka mita mbili, likasita, likageuka na mimi. Sioni kitu, mdomoni chumvichumvi, na vile nimeambiwa usiachie mpaka moto uzimike mi nikazidi kuminya. Mtungi wa hivyo hata nusu dakika haufiki, ila nilivyousikia mimi ulikuwa wa saa nzima. Watu upande wa pili wasafi kabisa, wanapiga makofi, na mi nikajua wananishangilia.

Kumbe nyuma yangu bosi ametokea na wageni wa benki. Alikuwa na suti nyeusi. Nasisitiza, alikuwa nayo.

Na moto bado unawaka.

Mama wa chai ndo akaja zake polepole na kipande cha bati, upepo mgongoni kwake, akakisukuma na mti wa deki kikafunika pipa. Kimya. Halafu sasa huyu mama, ambaye hana cheti chochote, akaomba moto uwashwe tena, akamwita kijana mmoja, "haya wewe, fanya huku unaniambia kwa nini." Kijana akakosea, akarudia. Akaitwa mwingine. Baada ya muda uani pote watu wanagombania bati, na mi nipo bombani nasuuza pua.

Jioni nikagawa fomu za tathmini. Kuna kipimo cha Bwana Kirkpatrick, cha tangu 1959, kinapima mafunzo kwa ngazi nne: wamefurahi? wamejifunza? wanafanya tofauti kazini? kampuni imefaidika? Kampuni yetu huwa inaishia ngazi ya kwanza. Na ngazi ya kwanza, wakuu, nilipata tano juu ya tano kwa kila mtu. "Yarudiwe." "Sijawahi kucheka hivi tangu niajiriwe." Mzee wa getini naye tano, kisha chini akaandika: swali langu bado lipo maegesho.

Mtu wa rasilimali watu kuona hizo namba akanipangia safari ya kufundisha tawi la Mwanza. Nikampitia mama wa chai kumuaga, akanimiminia kikombe, akaniuliza, "kwani huko ziwani hakuna upepo?"

Nimemwombea nauli na yeye. Wamesema bajeti ni ya wenye vyeti tu.